Marehemu Tolbert na Kibali Changu cha Usalama

Jumatatu, 2 Oktoba

Leo nimetimiza miezi saba Zizini. Zizi ni chumba cha mbele cha kampuni yetu hapa Manassas, wanamokaa wote wasio na kibali cha usalama, yaani ruhusa ya serikali ya kushika siri zake. Hakina dirisha. Kina viti sita, kompyuta moja isiyounganishwa na chochote, na mmea wa plastiki ambao nimeumwagilia maji mara mbili kwa kukosa la kufanya. Wenye kibali wako nyuma ya mlango wa chuma. Wanafanya nini huko? Sijui. Kazi yangu ni kuagiza karatasi za mashine zao za kuchapia. Nazifikisha mlangoni, mkono unatoka, unachukua, mlango unafungwa.

Choo kiko upande wao. Hilo ndilo linaloniua. Nikibanwa, sharti mwenye kibali anisindikize. Anabonyeza swichi, taa nyekundu inaanza kuzunguka darini, kisha anatangulia mbele yangu akitangaza kwa sauti kwamba asiye na kibali anapita. Watu wanafunika makaratasi, wanazima skrini. Mtu mzima wa miaka arobaini na mbili, naenda haja kwa matangazo! Kahawa nimeacha tangu Aprili.

Lakini leo, neema. Nimepigiwa simu. Mchunguzi wa serikali, Bi. Haskell, atakuja kunihoji Jumanne ya wiki ijayo nyumbani kwangu, na majirani atawahoji pia. Nikipita, napata kadi ya bluu ya wenye kibali. Nikianguka, kampuni imeshaniandikia: asiye na kibali ifikapo mwisho wa mwaka, unga wake umemwagika. Na ukweni nimeshawaambia ninacho tangu Pasaka! Baba mkwe huniuliza siri za nchi kila tunapokula pamoja, nami hunyamaza kwa namna ya mtu anayezijua.

Fomu niliijaza Machi. Kurasa zaidi ya mia. Wanataka kila nyumba uliyokaa, kila bosi uliyemfanyia kazi kwa miaka kumi. Mambo yangu safi kabisa, isipokuwa doa moja dogo: duka la magodoro la Bwana Tolbert. Nilifukuzwa. Sababu? Kulala. Lile godoro la tatu kutoka mlangoni halikuwa na mpinzani, na aliyeniamsha ni mteja aliyetaka kuuliza bei. Sasa fomu inataka jina na simu ya msimamizi wako. Nikawaza. Nikaandika: Amefariki.

Neno moja tu, tatizo limekwisha. Maiti hapigiwi simu. Kuna siku huwa najiogopa kwa akili nilizo nazo.

Jumatano, 4 Oktoba

Bryce Odom amepata kadi ya bluu. Bryce! Tulianza kazi wiki moja. Mtu wa miaka thelathini anayekula bisi Zizini na kufuta vidole kwenye kiti cha jirani. Kiti changu.

Nilimpongeza huku meno yakiniuma kwa kutabasamu. Nikamuuliza, kwa ujanja, kama mchunguzi alimbana. Akasema hapana, mambo yote alikuwa ameyaandika mwenyewe kwenye fomu. Mambo gani? Akanihesabia bila haya. Amevuta bangi miaka miwili chuoni. Amelala rumande kwa kuogelea uchi kwenye bwawa la hoteli ambayo hata hakuwa mgeni wake. Ameligonga gari la shangazi yake na kumsingizia paa, kisha akaungama siku ya pili. Yote kaandika! Na wamempa!

"Mzee Wendell, hawatafuti malaika," akaniambia. "Wanataka kujua kama kuna jambo mtu anaweza kukutishia nalo. Ukishalisema mwenyewe, atakutishia na nini?"

Mzee. Kanizidi nini, zaidi ya bisi? Nikamjibu kwamba mimi sina la kusema kwa sababu sina nilichofanya. Akasema basi hongera.

Saa tisa nilibanwa. Aliyekuwa na zamu ya kusindikiza nani? Bryce. Alibonyeza swichi ya taa kwa furaha ya mtu anayefungua zawadi. Kanuni inataka utangaze kwamba asiye na kibali anapita. Haitaki utaje jina lake. Bryce alilitaja, na la ukoo pia.

Jumamosi, 7 Oktoba

Siku ya kazi ya kichwa. Majirani watahojiwa, kwa hiyo majirani lazima waandaliwe. Upande wa kushoto nyumba ni tupu. Upande wa kulia yuko Bi. Gundersen, miaka themanini na moja, mwalimu mstaafu. Anasikia vizuri mno kwa umri wake na dirisha lake la jikoni linatazama uani kwetu. Huyo ndiye.

Corinne, mke wangu, alikuwa ameoka pai ya tofaa kwa ajili ya mnada wa kanisani. Nikaichukua, nikampelekea Bi. Gundersen pamoja na karatasi. Karatasi ina mambo saba ya kumwambia mchunguzi, kwa herufi kubwa asipate taabu. La kwanza: Wendell Pruitt ni mtu mnyoofu. La nne: sijawahi kumwona amelewa. La saba: karatasi hii asionyeshwe mtu.

Alivaa miwani akaisoma yote, taratibu, huku akinitazama juu ya fremu kila alipomaliza jambo moja. Kwenye la nne akanikumbusha sikukuu ya Julai, nilipoangukia maua yake nikayaimbia. Nikamweleza kwamba ile ilikuwa dawa ya mafua. Akachukua penseli, akanisahihishia mahali pawili, akala kipande cha pai. Nikaondoka nikijua nimemweka sawa.

Corinne akauliza pai iko wapi. Nikamwambia ni kindi. Aliingia dirishani, kindi mkubwa, mwenye kovu mkiani, akaiburura hadi kwenye uzio, nikamkimbiza kwa ufagio. Akaniuliza kindi gani huyo aliyerudisha sahani ikiwa imeoshwa. Sahani ilikuwa mkononi mwangu.

Corinne anasafisha meno ya watu kliniki. Siku nzima wagonjwa wanamwambia wanapiga mswaki mara tatu kwa siku. Hadanganyiki. Nikamweleza yote kuhusu mahojiano, pamoja na habari ya Tolbert. Hakupiga kelele. Alikaa tu kwenye kiti cha jikoni akanitazama.

"Wendell, mume wangu," akasema, "ukisema kweli unatumia maneno manne. Ukidanganya unahutubia. Mwambie huyo mama ukweli."

Umeshafika mbali sana mpango huu kurudi nyuma sasa. Ila hilo la kuhutubia limenichoma kidogo.

Jumanne, 10 Oktoba

Amekuja. Bi. Haskell ni mama wa miaka kama sitini, viatu bapa, penseli mbili, chupa yake mwenyewe ya chai. Nilimkaribisha kahawa, akakataa. Biskuti, akakataa. Maji, akakataa. Anasema sheria. Mtu asiyekubali hata maji utampatia wapi?

Saa ya kwanza nilikuwa nang'ara. Nyumba nilizokaa, shule, ndoa, safari ya Kanada. Nikaanza kustarehe. Kisha akafungua ukurasa mwingine, akasema naona hapa msimamizi wako wa duka la magodoro amefariki. Nikainamisha kichwa. Nikasema ndiyo, kwa huzuni.

Hakusema kitu. Alikaa kimya tu. Ule ukimya! Saa ya ukutani ikawa inapiga kama nyundo. Mimi ukimya siuwezi, jamani, ni ugonjwa. Nikasema ulikuwa moyo. Kimya. Nikasema ghafla sana, akiwa anaonyesha godoro. Kimya. Nikasema mazishi yalikuwa na mvua, mimi nilibeba jeneza, mbele kushoto, na mjane alinikumbatia akanipa tai ya marehemu iwe kumbukumbu. Akaandika yote. Akaniuliza jina la mjane. Barbara, nikasema. Akaandika Barbara.

Kisha akauliza kama kuna jibu lolote ningependa kurekebisha. Nikasema hakuna. Akamimina chai, akanywa, akauliza tena kwa maneno mengine. Hakuna. Akaweka penseli mezani.

"Bwana Pruitt, watu hukosea wakijaza hii fomu. Huwa tunarekebisha hapa hapa, kwa penseli hii hii, na yanakwisha. Una uhakika?"

Uhakika mtupu, nikamwambia, nikimtazama machoni bila kupepesa mpaka machozi yakanitoka. Nadhani aliyachukulia kuwa ya msiba.

Alipoondoka nikacheza kidogo sebuleni. Nimepita!

Jumatano, 11 Oktoba

Bi. Gundersen ni msaliti. Amenieleza mwenyewe kupitia uzio, bila aibu, akipogoa maua. Mchunguzi alikwenda kwake moja kwa moja alipotoka kwetu. Akamuuliza kama kuna mtu yeyote aliyemwambia aseme nini.

Sasa hilo si swali la hila? Nani anauliza hivyo?

"Nimefundisha miaka arobaini, mwanangu," Bi. Gundersen akasema. "Siwezi kumdanganya afisa wa serikali kwa kipande cha pai." Akampa karatasi. Mchunguzi akaomba kwenda nayo, akamruhusu. Pai yenyewe, akaongeza, ilikosa mdalasini.

Halafu ananiambia nisihofu, kwa sababu amenisemea vizuri. Amesema nini? Kwamba kila theluji ikianguka ninaamka na kusafisha njia yake kabla ya yangu, mwaka wa tano huu, na sijawahi kuombwa. Kwamba nilimpeleka hospitali siku alipovunjika mkono nikakaa naye hadi jioni. Theluji! Nani kamuuliza habari za theluji? Haimo kabisa kwenye yale mambo saba. Nilimpa hotuba nzima imeandikwa, yeye anakwenda kusimulia koleo.

Ijumaa, 13 Oktoba

Siku ya nuksi, na kweli imeninuksi.

Corinne alinituma maboga ya kupamba barazani. Niko pale uwanja wa maboga, nachagua, naona mgongo ninaoujua. Suruali yenye mikanda ya mabegani. Kofia ya majani. Bwana Tolbert, mzima wa afya, ananyanyua boga la ukubwa wa ndama.

Nikajificha nyuma ya sanamu ya kutishia ndege. Sanamu ilikuwa nyembamba kuliko mimi.

"Wendell!" akaita. "Njoo ushike huku. Marehemu hawezi peke yake."

Nikaenda nikashika boga. Tukalibeba hadi kwenye gari lake, yeye akipiga mluzi. Akanieleza kwamba mama mmoja mpole alifika kwake Jumatatu asubuhi, akataka kwanza kuona kitambulisho chake, kisha akamwomba samahani na kumuuliza kama aliwahi kufa. Jumatatu! Na mimi nilihojiwa Jumanne! Kumbe yule mama alikuwa amekaa sebuleni kwangu, anakunywa chai yake, anajua kila kitu, ananiuliza mara tatu.

Nilitaraji Tolbert anipige boga. Hakukasirika hata. Alitaka kujua mazishi yalikuwaje. Nikamwambia mvua. Akauliza watu walikuwa wengi. Nikasema wengi sana, kanisa lilijaa. Akafurahi. Akauliza kaka yake alikuja? Nikasema hapana. Akatikisa kichwa, akasema kweli, yule asingekuja. Kisha akauliza Barbara ni nani, maana mchunguzi alimpigia tena simu kumuuliza, na mkewe aitwaye Peg alikuwa amesimama karibu akisikia. Kwa hilo hakucheka.

Nikamuuliza kama alimwambia mchunguzi habari ya kulala. Akasema alimwambia. Mchunguzi alijibuje? Kwamba swali la kufukuzwa kazi linakwenda nyuma miaka saba tu. Yangu ni miaka minane na nusu. Hakuliandika hata.

Nimekaa garini robo saa na maboga yangu mapajani. Miaka saba! Nimemuua mtu kwa sababu ya swali ambalo sikuulizwa. Iko kwenye fomu yenyewe, ukurasa wa kwanza wa sehemu ile, kwa herufi nyeusi. Nani anasoma maelekezo?

Jumatatu, 16 Oktoba

Nimekata shauri. Ukweli! Kama Bryce na bangi yake wamepita, mimi nitashindwa nini?

Nimempigia Bi. Haskell nikamwomba tuonane tena. Hakushangaa. Alhamisi, saa nne, chumba cha mikutano cha kampuni.

Jioni nilimwambia Corinne. Akaacha alichokuwa anakikata, akafuta mikono, akanishika uso kwa mikono miwili yenye harufu ya kitunguu. Akasema hivi ndivyo alivyonijua zamani. Akanikumbusha: maneno manne. Tukayachagua pamoja mezani. Nilidanganya. Tolbert yu hai. Akanifanyisha mazoezi mara kumi, na kila nilipotaka kuongeza la tano alinifinya.

Leo nitalala kama sijawahi tangu lile godoro.

Alhamisi, 19 Oktoba

Niandike haraka kabla sijajihurumia.

Nikaingia. Nikakaa. Nikasema: nilidanganya, Tolbert yu hai. Nikafunga mdomo. Hakika nilifunga!

Bi. Haskell akaandika. Akaniuliza kwa nini. Nikasema niliogopa. Akauliza karatasi ya Bi. Gundersen niliandika mimi? Mimi. Barbara? Hayupo. Akaitikia kwa kichwa kila jibu, akasema asante, na kwamba ataandika wazi kuwa nimekuja mwenyewe bila kuitwa, maana hilo lina uzito. Uso wake ukalegea. Mara ya kwanza nauona umelegea. Akaanza kufunga daftari.

Na hapo ndipo ulimi ukaniwasha. Nikawaza: kama maneno manne yameleta uso ule, arobaini yataleta nini? Bryce alipata kadi kwa bangi. Mimi nikaonekane na dhambi moja ya magodoro? Nikasema ngoja, kuna zaidi. Nimevuta bangi.

Daftari likafunguka. Wapi? Chuoni. Kwa muda gani? Miaka mitatu, nikasema, nimpite Bryce kwa mmoja. Nani alikuwa anakuuzia? Ricardo. Ricardo nani? Sikuwa nimefikiria hilo. Nikatazama huku na huku, chumba kile hakina hata picha ukutani, jina pekee lililoandikwa mahali lilikuwa kwenye kadi iliyoning'inia shingoni mwake. Nikasema Ricardo Haskell.

Penseli ikasimama.

"Bwana Pruitt," akasema, "umewahi kuvuta bangi?"

"Hapana."

"Basi mbona unaniambia umevuta?"

Nikamwambia nilitaka nionekane mkweli.

Alivua miwani akayafinya macho kwa muda. Aliposema, alisema kwa upole, na heri angefoka. "Kulala dukani si shida. Hata kumzika mtu aliye hai, ukija ukalisema, tunaliandika, linapimwa. Lakini mimi natoka hapa sijui nishike neno lako lipi na niache lipi. Na watakaoisoma hii ripoti hawatajua pia."

Akaniaga. Corinne alipouliza, nikamwambia maneno manne nimeyasema yote. Ambayo ni kweli. Nimejichunguza sana na kosa langu nimeliona: ilitakiwa niwe nimemtayarishia Ricardo jina la ukoo mapema.

Jumatatu, 27 Novemba

Barua imefika. Bi. Stutz, ofisa usalama wa kampuni yetu, aliniita akaniketisha na kunisomea mwenyewe. Serikali inakusudia kuninyima kibali. Sababu ziko tatu: nimemtangaza mtu hai kuwa amefariki, nimemwandikia jirani maneno ya kusema, na nimekiri kosa ambalo sikulitenda. Ricardo kapewa aya nzima peke yake, ndefu kuliko yangu. Kuhusu kulala dukani hakuna hata herufi moja.

Nikauliza kama ndio mwisho. Akasema bado. Nina siku thelathini za kujibu. Niandike kwa ufupi nilichofanya, nisijitetee, na niambatanishe barua za watu watatu. Si watu wa kunisifia tu. Watu wanaojua sawasawa nilichofanya, na wakijua hivyo bado wako tayari kusimama nami.

"Wanaojua, Wendell," akarudia, akigonga meza kwa kidole. "Barua ya mtu asiyejua, kwao ni karatasi tupu. Hii ndiyo nafasi yako ya mwisho, na nimeona watu wakiipata wakapona."

Kampuni itanishikia nafasi hadi Desemba iishe. Kwa sasa nikae nyumbani. Nikarudisha kadi ya Zizi. Kabla ya kuondoka nilibanwa, na zamu ilikuwa ya Bryce. Akawasha taa. Akatangulia. Lakini safari hii alitangaza kwa kunong'ona, watu hata hawakugeuka. Akaniambia akitakiwa kuandika barua yuko tayari. Nikakaribia kumshukuru. Kisha nikakumbuka aliniita Mzee, nikasema nitaona.

Jumapili, 3 Desemba

Corinne amezikusanya yeye barua. Alizunguka wiki nzima baada ya kazi, akawaeleza watu kila kitu, akarudi nazo leo baada ya ibada. Tatu, kila moja kwenye bahasha yake. Akaniomba nizisome, niambatanishe na maelezo yangu, kesho zipelekwe posta. Akaenda kulala kidogo.

Nimezisoma. Msiba!

Ya Tolbert ina mistari mitano. Anaandika kwamba Wendell Pruitt alikuwa mfanyakazi mvivu na mwoga, kwamba alimuua kwenye fomu, kwamba hata hivyo hajawahi kuibiwa na mtu huyu hata msumari, na kwamba amemsamehe. Mvivu na mwoga! Kwenda serikalini!

Ya Bi. Gundersen ni kurasa mbili za mwandiko wa kiwalimu. Anaieleza karatasi ya mambo saba moja moja. Anasema mimi ni mtu anayetenda mema kimyakimya na kutenda ya kipuuzi kwa kelele, na kwamba amewafundisha wengi wa namna hiyo na hakuna aliyekuwa hatari kwa taifa. Theluji tena. Koleo tena.

Ya Corinne niliiacha mwisho. Anaandika:

"Mume wangu hudanganya akiogopa, na huogopa mara nyingi. Nimeishi naye miaka kumi na minne. Siku mama yangu alipokuwa mahututi, madaktari wote walinizungusha, yeye peke yake ndiye aliyenikalisha akaniambia hatapona. Alitumia maneno manne. Kwa hiyo najua anaweza. Mkimwamini, hatawauza. Mkimuuliza mara mbili, atawaambia."

Nikaisoma mara mbili. Nikalia, sioni haya kuandika. Nilikaa na ile barua mkononi mpaka chai ikapoa, na kwa muda kidogo nilidhani nitaituma.

Lakini mtu lazima atumie akili. Unapigania kazi, unaipelekea serikali barua inayoanza na "Mume wangu hudanganya"? Mkeo mwenyewe! Corinne ana moyo mzuri ila mambo ya ofisi hayajui. Kwa hiyo nimeandika nyingine. Ya Tolbert nimeipiga kwa mashine, na humo anakumbuka jinsi nilivyokuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Ya Bi. Gundersen nimeiandika kwa mkono wa kushoto ili itetemeke kama ya mtu wa miaka themanini na moja. Ya Corinne ndiyo iliyonitoka vizuri kuliko zote: katika miaka kumi na minne ya ndoa, hajapata kunisikia nikisema uongo hata mara moja. Sahihi yake nimeipatia mpaka ule mkia wa mwisho. Zile za kwanza nimezichana vipande vidogo, nikapanda gari, nikatumbukiza bahasha kwenye sanduku la posta la njia kuu kabla hajaamka.

Nilipoingia alikuwa jikoni, amejifunga blanketi, anachemsha maji. Akauliza kama nimezisoma. Nikasema nimezisoma. Akauliza kama nilikasirika. Nikasema hapana. Akauliza kama ningependa twende wote kesho asubuhi kuzituma. Nikamwambia nimeshatuma, zote tatu, kama zilivyo.

Akaweka kikombe chini. Akaja akaegemeza kichwa chake kifuani kwangu, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Akasema hajawahi kujivunia mtu kama anavyojivunia mimi leo.

Na zilikuwa tatu kweli. Nilizihesabu.